Mizani ya Kumbini

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumezoea kuitumia kama kitisho. Ukikaa Songo Mnara siku chache utaisikia kwa maana nyingine. Kisiwani humo ulimwengu humfunza mtoto bega kwa bega na mamaye. Maji yakipwa siku za bamvua, watoto hushuka pwani pamoja: mkubwa mbele, wa makamo nyuma yake, na mdogo kabisa mbelekoni mwa dada. Mkubwa anajua tundu la pweza. Mdogo anajua kwa kumtazama mkubwa. Na chuoni nako ni vivyo hivyo: aliyefika juzuu ya kumi humshikia ubao aliye katika alifu. Nami nilianzia katika chuo cha namna hiyo. Yaliyosalia nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na mshumaa.

Nasikia huko Ulaya na Marekani wapo wazazi Wakristo waanzishao shule ndogo ambamo watoto wa marika mbalimbali husoma pamoja chini ya miti, Biblia mkono huu na jani mkono huu. Wengine huliona jambo hilo kuwa jipya. Kwetu kusini lina historia, na historia hiyo imo ndani ya Kanisa lenyewe.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Unguja akashuka Lindi pamoja na kundi la watumwa waliokombolewa, wakapanda bara hadi Masasi. Kilwa Kivinje, jirani wa visiwa vyetu hivi, ndiko walikopakiwa watumwa wengi wa bara, hata mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini. Masasi ya misheni ilianza basi kwa watu waliong'olewa na kupandwa upya. Mtu wa namna hiyo atamfunza mwanawe kwa desturi ya nani?

Swali hilo lilimkuta Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Wamakua, Wayao na Wamakonde waliowazunguka walikuwa na shule yao porini: jando. Wavulana waliopishana umri waliingia kumbini, wakakaa mbali na mama zao, wakafunzwa nyimbo, adabu, miti na wanyama. Wamisionari wengi popote walipokuwa walizipiga marufuku desturi kama hizo. Lucas hakufanya hivyo. Yeye na mapadri Waafrika waliiacha kumbi porini na tohara mahali pake, wakatia sala za Kikristo palipokuwa na matambiko ya mizimu.

Mimi ni mtu wa mashairi, nami kazi hiyo naiona kuwa tafsiri. Lucas aliishika mizani akabadili maneno. Tena hakuwa wa kwanza. Miongoni mwa Wayao desturi ya kale ya lupanda ilikuwa imekwisha kupokea sura ya Kiislamu kutoka pwani kabla yake, na jando ndilo jina lililoenea. Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kumcheka.

Lakini kila mfasiri anajua kwamba mizani si chombo kitupu. Mshororo uliozoea kubeba jina la babu, ukiubebesha jina lingine, huendelea kulia kwa sauti ya babu. Mwanahistoria Terence Ranger, alipoichambua habari hii ya Masasi mwaka 1972, alionyesha kwamba mambo hayakuamuliwa na askofu peke yake. Waafrika wenyewe walivutana juu ya kipi kibaki na kipi kiachwe. Hapo ndipo ninapoiona maana yake. Kumbi ilikubali sala mpya kwa sababu wenye kumbi walikuwamo ndani. Wangalitolewa, lingebaki banda la makuti tu.

Haya yananirudisha Songo Mnara. Magofu yake, misikiti mitano na majumba ya matumbawe, yaliandikwa pamoja na ya Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kutengenezwa. Chokaa ilipata mafundi wake. Elimu ya bamvua na maji mafu, ya mkandaa na mchu, haimo katika orodha yoyote, wala mtihani hauiulizi.

Siombi shule ivunjwe, wala watoto warudishwe kumbini. Naomba mwalimu wa kisiwa kidogo, mwenye watoto wachache wa marika yote, asilione darasa lake kuwa pungufu. Amwache mkubwa amfunze mdogo. Na siku ya maji kupwa amwite bibi ajuaye kuvua pweza, ampe nafasi ya mwalimu mbele ya watoto, si ya mgeni wa kutazamwa. Dini yoyote, serikali yoyote, inaweza kutia maneno yake katika mizani hiyo, maadamu bibi huyo hajaondolewa pwani.