Kasa wa Kandambili

Utotoni, mama alitukataza kuokota kandambili pwani. Huenda, alisema, mwenyewe kachukuliwa na maji. Kaka yake alitoka na ngalawa, hakurudi.

Ndiyo maana nilisita nilipopewa zawadi ya kasa aliyechongwa kwa kandambili za ufukweni. Sanaa hii ilianzia Kiwayu, katika visiwa vya Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto walipoonekana wakijitengenezea vya kuchezea kwa mabaki hayo. Kandambili huoshwa, huunganishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, huchongwa kwa kisu, kisha hupigwa msasa.

Nilimgeuza. Tumboni, pasipofikiwa na msasa, pana mbonyeo wa kisigino cha mtu. Mama alipagusa, akanyamaza kitambo.

"Mweke dirishani," alisema, "aitazame bahari."