Nixdorf, jina la kwenye ATM

Jamani, mimi chapa za mashine huzisoma. Baadhi ya ATM zimeandikwa Diebold Nixdorf, na hilo la pili ni jina adimu la ukoo wa Kijerumani. Limetokana na Niklasdorf, yaani kijiji cha Nikolasi. Mji mmoja wa Bohemia uliitwa Nixdorf. Jina la namna hii hupewa aliyehama: Mpemba huitwa Mpemba akishafika Mombasa! Leo wenye jina hilo wako zaidi Ujerumani. Mmoja wao, Heinz Nixdorf, mzaliwa wa Paderborn, alianzisha kampuni yake ya kompyuta mwaka 1952. Kule Bohemia, Wajerumani walifukuzwa baada ya vita, 1945 na 1946. Mji sasa ni Mikulášovice, Ucheki. Nikolasi yule yule, ila kwa Kicheki.