Risasi uliyoniuliza, Mjomba

Rapid City, South Dakota
Aprili



Ujumbe wako wa sauti ulinikuta barabarani. Nikaegesha lori, nikausikiliza mara mbili. Nguruwe wameingia tena shambani Kilimarondo na usiku mmoja wamelaza robo ekari ya mahindi. Mama mdogo naye, kule Mbekenyera, analia na ngedere kwenye karanga. Halafu ukauliza: huko Marekani wanatumia risasi gani kwa wanyama waharibifu? Umesikia ziko ndogo, bei yake nafuu, na zinapiga mbali.

Swali lako nimelibeba wiki tatu, nikiuliza wanaojua. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu umesema kijiji kinataka kuomba bunduki kwa kufuata sheria, na sitaki mfike hapo kisha mkosee kwenye risasi.

Huku ninakopeleka chakula cha mifugo ni nchi ya ranchi, majani matupu hadi macho yanachoka. Mharibifu wao ni mnyama wa jamii ya kindi, hafiki kilo moja na nusu. Anaishi ardhini kwa makundi makubwa na akiona hatari anabweka, ndiyo maana wanamwita prairie dog, ingawa si mbwa. Anakula majani ya ng'ombe, na wafugaji wanaogopa farasi atumbukize mguu shimoni avunjike.

Mzee mmoja mwenye ranchi alinikaribisha jikoni kwake, akazisimamisha risasi tatu mezani mbele yangu, kuanzia fupi hadi ndefu. Akaniambia nitazame vichwa kwanza. Mjomba, vyote vitatu vina unene mmoja, karibu milimita 5.7. Ungevipanga bila maganda ungedhani vimetoka kwenye boksi moja. Kinachotofautiana ni tumbo, yaani ganda linalobeba baruti.

Ya kwanza ni .22 Long Rifle. Nzima, na kichwa chake, ina urefu wa milimita 25 tu. Hiyo ndiyo uliyosikia kwamba ni ya bei nafuu. Kichwa chake kina gramu 2.6, kinatoka mtutuni kwa kasi ya mita 330 hadi 380 kwa sekunde, na baada ya mita 80 au 100 kinaanza kuzama na kusukumwa na upepo. Ya pili ni .223 Remington, iliyoingia sokoni mwaka 1964. Ni pacha wa risasi ya M16, bunduki ya jeshi la Marekani. Kichwa chake cha gramu 3.5 kinakaribia mita 1,000 kwa sekunde. Ya tatu, .22-250, ina ganda nene lenye mabega, na kichwa cha uzito huo huo kinazidi mita 1,100. Hiyo inakula mtutu haraka na kelele yake inaumiza masikio, lakini mwenye jicho na mkono anaitegemea hata mita 350.

Nilipoiona ile ya kijeshi nilikumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioleta reli hadi Nachingwea na kufa mwaka 1951. Walijaribu kufyeka pori kwa matrekta yaliyoundwa kutoka vifaru vya vita. Pori letu liliwashinda. Hii risasi ya vita, kwa kindi wa huku, imepata kazi inayoiweza.

Kasi yote hiyo ina sababu mbili. Inanyoosha njia ya risasi, ili mpigaji asikisie sana ishuke kiasi gani kabla ya kufika. Ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi: kichwa chepesi chenye koti jembamba, kikigusa udongo kwa kasi ile, kinapasuka vipande vipande papo hapo. Kile cha .22 cha mwendo wa polepole kinaweza kugonga jiwe kikadunda na kuendelea na safari. Kwenye maboksi yake wanaandika onyo kwamba kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Sasa simama shambani kwako, Mjomba, uhesabu kilomita 2 kila upande. Kuna nyumba ngapi? Kuna njia ya watoto wa shule.

Siku moja nilikwenda na yule mzee mawindoni. Mimi sina bunduki. Alinipa darubini nimtafutie. Kwenye waya wa uzio alikuwa amefunga uzi mwekundu wa sufu, na macho yake yalikuwa kwenye uzi kuliko kwa mnyama. Uzi ukicheza, anangoja. Nikamwonyesha kindi mmoja mnene amesimama juu ya kichuguu chake, mita 150 hivi, uzi umetulia kabisa. Alilenga muda mrefu. Kisha akaondoa kidole, akafungua bunduki, akaitoa risasi na kuitia mfukoni. Nyuma ya yule kindi, juu ya mwinuko, alikuwa amejitokeza ndama mmoja, nami sikumwona. Hatukupiga tena jioni ile. Natamani kila anayeshika bunduki kwetu angemwona mzee yule akiitoa risasi.

Sasa turudi mashambani kwetu. Nianze na ngedere wa mama mdogo. Kwa mwili wake, .22 inamtosha, tena kwa umbali wa mita 50 au 60. Lakini ngedere anakimbilia wapi? Juu ya mkorosho. Ukimpiga kule, mtutu unatazama mbinguni na nyuma yake hakuna udongo wa kuizuia risasi ikikosa. Itashuka pasipojulikana. Kwa mnyama wa mtini, afadhali shotigani yenye marisau, ambayo nguvu yake inaisha baada ya mita mia chache. Na yote hayo kwa kibali cha afisa wanyamapori wa wilaya, maana ngedere naye ni mali ya umma.

Kwa nguruwe, Mjomba, nakuomba uifute kabisa risasi ndogo kichwani mwako. Nguruwe pori dume anaweza kufika kilo 100, ngozi nene, bega gumu. Vile vichwa vyepesi vinavyosifiwa kwa kupasuka vinapasukia nje, kwenye nyama ya juu, naye anaondoka na kidonda. Mzee wa huku nilipomuuliza alitikisa kichwa, akaniletea risasi ya nne, .30-06, ambayo kichwa chake cha gramu 11.7 ni zaidi ya mara tatu ya kile cha .223. Chini ya hapo, alisema, unamtesa mnyama na unajitafutia ajali.

Ajali hiyo wewe na mimi tumeiona. Nilikuwa darasa la sita, nimekushikia tochi. Ulipima baruti kwa kifuniko cha soda, ukaimimina kwenye gobore, ukashindilia makumbi, ukatia vipande vya nondo, ukashindilia tena. Ukafyatua. Moshi ulipotawanyika nguruwe hakuwepo, ila damu kwenye majani ya mihogo. Asubuhi mbwa wetu Simba alimfuata akamkuta hai. Simba ulimrudisha umembeba mikononi, tumbo limechanwa, na hukula siku nzima. Nondo ile haikuwa na uzito wa kutosha wala mwendo wa kutosha. Leo naweza kukueleza kwa gramu na mita; siku ile tulijua kwa macho tu.

Naisisitiza habari ya nguruwe kwa sababu kwetu nguruwe haji peke yake. Mwaka 2005, Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308, na mikoa yetu ya kusini mashariki iliumia sana. Walieleza mnyororo wake: nguruwe pori anafuata mazao, mkulima anahamia dunguni kulinda mazao, simba anafuata nguruwe na kumkuta mkulima amelala. Mwaka 2011 baadhi yao walitoa utafiti mwingine uliochambua mashambulizi kwa tarehe za mwezi. Mashambulizi yalizidi katika usiku unaofuata mwezi mpevu, pale giza linapotangulia na mwezi kuchelewa kutoka. Wazee wetu wa Ruangwa na Nachingwea waliyajua haya kabla ya jarida lolote. Kwa hiyo anayemjeruhi nguruwe kwa risasi ya kindi, halafu akamfuata gizani kwenye vichaka, anaingia mahali ambapo huenda yuko mwingine anayemfuata nguruwe huyo huyo.

Jambo moja kuhusu nyama, kwa jirani zetu wanaomla nguruwe. Kichwa cha risasi kinapopasuka, vipande vidogo vya madini ya risasi vinaenea nyamani mbali na tundu, na ni sumu, hasa kwa watoto. Jimbo la California limepiga marufuku kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu Julai 2019. Wakate na kutupa sehemu kubwa kuzunguka jeraha, wasiionee huruma nyama.

Barua ya kijiji ikiandikwa, ombeni askari wa wanyamapori waje na silaha zao zinazomfaa nguruwe. Bunduki ya kijiji ikipatikana, iwe shotigani kwa ajili ya ngedere, na mshikaji awe mmoja aliyefundishwa. Fedha niliyotenga kukusaidia kwenye risasi nimeituma kwa simu jana. Nunua taa mbili za sola na nguzo ndefu za kuinulia dungu, na linalobaki walipe vijana wachimbe handaki upande wa bondeni wanakopitia nguruwe.

Mwezi utakuwa mpevu wiki ijayo. Usiku unaofuata, usipande dunguni peke yako.

Mpwa wako