Nchi Ipitayo Jukwaani

Msafiri wa jukwaani hafiki mbali kwa miguu yake. Hupiga hatua pale pale aliposimama, na nchi ndiyo impitayo. Hila hii ina umri mkubwa. Mwaka 1846, huko Marekani, John Banvard alionyesha mto Mississippi uliochorwa juu ya kitambaa kirefu kilichokunjuliwa kutoka mti mmoja na kukunjwa katika mti wa pili. Watazamaji wakasafiri hali wameketi.

Wanafunzi wangu hapa Dodoma walitaka kuigiza safari ya wapagazi wa karne hiyo, waliotoka Bagamoyo, wakapita Mpwapwa, wakavuka Ugogo kwenda Tabora. Tukaazimia kuunda pazia la namna hiyo.

Ufundi wake si mgumu, lakini wataka uvumilivu. Tulisimamisha miti miwili, mmoja kila upande wa jukwaa, kila mmoja na mkono wa kuzungushia. Kitambaa kirefu hulegea katikati. Basi katika upindo wa juu tulishona ugwe, ukapitishwa juu ya magurudumu madogo. Rangi ilikuwa nyepesi, kwa kuwa rangi nzito hupasuka ikiviringishwa. Nyuma tulitundika pazia la pili, refu zaidi kwa kimo, lenye vilima, nalo halikusogea. Kila asafiriye anajua kwamba miti ya kando ya njia hukimbia, na milima ya mbali humngoja.

Kitambaa chenyewe kilikuwa marekani, na nilifurahi kuwa hivyo. Nguo ya jina hilo ililetwa Unguja na wafanya biashara wa Marekani, ikabebwa vichwani mpaka bara. Ugogo ni nchi ya mvua haba. Mwenye kisima alikuwa na enzi. Misafara ililipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipate njia na maji, na hongo hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa nguo. Kitu kilichonunua ruhusa ya kupita Ugogo sasa kingeibeba Ugogo yenyewe.

Shauri lilizuka katika uchoraji. Vijana walichora uwanda mwekundu, miiba, mawe makubwa na mibuyu, kisha wakaona kazi imekwisha. Binti mmoja mzaliwa wa Ugogo akaitazama kazi ile kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, wenyewe wako wapi?" Wenzake walijibu kuwa nchi huonekana hivyo kutoka barabarani. Naye akasema, "Barabarani hapakai mtu."

Maneno yake yalikuwa kweli. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, fupi, yenye paa la udongo lililo sawa. Kwa mbali hufanana na ardhi iliyoizaa. Apitaye mbio huona jangwa pale ambapo watu wanapika, wanakamua ng'ombe na kupiga zeze.

Upofu huo una gharama. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulikagua nchi hii kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Mwaka uliofuata kilimo kikubwa cha karanga kilianzishwa Kongwa. Mvua ilikuwa haba na udongo ulikauka ukawa mgumu mno, mambo ambayo mwenye jembe wa hapo angaliweza kuyasimulia. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya paundi yalikuwa yamepotea.

Kwa hiyo tulichora upya. Tembe zikaingia, na visima, na mashamba ya uwele na mtama. Zaidi ya hayo, tuliamua kwamba kwenye kila kisima mikono ya kuzungushia isimame. Wapagazi watue mizigo, mtemi atoke, hongo ijadiliwe, na nchi itulie mpaka mwenyewe aridhike. Baadhi ya vijana walilalamika kuwa uzuri wa pazia liendalo ni kwenda. Mimi naona uzuri wake ni kwamba laweza kusimamishwa.

Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imeufupisha mwendo kutoka pwani, na ni neema. Lakini dirisha lake nalo ni pazia la jukwaa: huonyesha mengi, halimtambulishi mtu kwa mtu. Mchoraji wa nchi, kama mtawala wake, hana budi kwanza ashuke, abishe hodi, na anywe maji ya hapo.