Kuusoma Ufa

Wahenga wametuachia agizo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Twalitii kwa haraka. Saruji kidogo, mwiko mara mbili tatu, na shughuli imekwisha. Lakini kazi ya kutafsiri imenizoeza kutolijibu neno kabla ya kulielewa, na miaka miwili iliyopita nililazimika kuutendea ufa vivyo hivyo.

Ulikuwa katika sakafu ya banda la gari, kwenye nyumba tuliyoachiwa na mama. Ndugu zangu walitaka banda liwe duka la kupangisha, na mwashi alikwisha kupiga hesabu ya vigae. Ufa wenyewe ulikatiza pembeni ukaelekea ukuta wa chumba anamolala dada yetu mkubwa. Kabla ya kuufunika, ilitupasa kujua kama alale humo kwa amani.

Zege haligandi kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani. Hugumu kwa kushikana saruji na maji, ndiyo maana waashi wenye subira huinywesha sakafu mpya kwa siku 7 au zaidi. Lakini maji yanayotiwa ili zege limwagike kwa wepesi huzidi yale yanayohitajiwa na saruji. Yaliyozidi huondoka taratibu, na zege husinyaa, pengine nusu milimita kwa kila mita. Ni kidogo, ila ardhi iliyo chini imeing'ang'ania sakafu, haiiachi ijikusanye. Na zege, ambalo hustahimili mno kugandamizwa, likivutwa huwa na takriban sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Basi hupasuka.

Kwa hiyo mwashi hodari hashindani na ufa, huuchagulia mahali. Hukata mfereji mwembamba wenye kwenda chini robo ya unene wa sakafu, mapema, kabla zege halijajipasukia lenyewe. Sakafu ya sentimita 10 huhitaji mfereji kila baada ya mita 3 au pungufu. Wapenzi wa ushairi hawatashangaa. Mshororo wa mizani 16 hukatwa penye ya 8, kwa kuwa pumzi ingekatika tu, na ni afadhali ikatike penye kina kuliko katikati ya neno.

Nyufa hazisemi habari moja. Zile nyembamba, zilizosambaa kama utando wa buibui, ni za juu tu: jua na upepo viliukausha uso wa sakafu mapema mno. Ule unaoanzia kwenye kona ya nguzo ni wa kusinyaa mahali palipokosa mfereji. Ule unaofuata njia ya nondo, wenye doa la kutu, ni wa kuogopwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo hulisukuma zege kutoka ndani. Sisi watu wa visiwani, wenye hewa ya chumvi na mchanga wa pwani, twaujua sana. Na ufa ambao upande wake mmoja umeshuka chini ya mwenziwe hausemi lolote juu ya saruji. Unasimulia habari za ardhi.

Wetu ulikuwa huo wa mwisho. Ukipitisha kidole, kilikwama. Niliomba vigae vingoje. Nikachora alama mbili za penseli, moja kila upande, nikaandika umbali na tarehe, nikawa napima kila mwezi. Kiangazi chote haukusogea. Masika yalipokwisha, ulikuwa umepanuka milimita 2. Tukatoka nje kuitazama pembe ile, na jawabu lilikuwa juu ya vichwa vyetu: maji ya paa yalimwagika palepale, mvua baada ya mvua, yakiuchukua udongo wa chini ya jamvi.

Mdogo wangu alisema kwamba bomba la maji ya mvua halipangishwi. Alikuwa na haki. Fedha za vigae zilikwenda kwenye bomba na kushindilia udongo upya, na duka halijafunguliwa hadi leo. Ufa wenyewe bado haujazibwa. Masika ya mwaka huu alama zilikaa mahali pake, lakini masika mamoja hayatoshi kuwa ushahidi. Tumekubaliana kungoja mengine ndipo tushike mwiko. Hadi wakati huo, kila wingu linapotanda dada hubisha mlango wangu na kuniuliza kama nimepima.