Niliwacheka waliopiga makofi

Nimeadimika kidogo hapa kibarazani. Kazi za gazeti zilinibana, halafu kuna jambo nilikuwa nakwepa kuliandika. Leo naliandika, lipite.

Wiki tatu zilizopita mhariri alinituma kwenye onyesho la muziki wa kale wa Ulaya hapa Dar. Wapigaji walikuwa wanne: violini mbili, viola na selo. Kwenye ratiba alikuwepo Haydn, kisha Beethoven. Waandaaji walinipa kadi tano za mwaliko nami nikawapelekea wanakwaya wenzangu wa parokiani (mimi ni teno, tena wa safu ya nyuma). Alikuja Mwalimu wetu wa kwaya na suti yake ya Pasaka, wakaja na akina mama wanne wa alto, mama yangu mzazi akiwamo.

Basi bwana, sehemu ya kwanza ya Haydn ikaisha. Wale wapigaji wakashusha pinde. Mwalimu akapiga makofi, akina mama wakamfuata, na mama yangu akafunga kazi kwa kigelegele. Ukumbi mzima kimya! Mtu mmoja wa safu ya mbele akageuka na kutoa "shh" moja ndefu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa waandishi. Nikajifanya siwajui.

Hilo peke yake lingenitosha kwenda kuungama. Lakini kesho yake niliketi nikaandika. Nikawaeleza wasomaji kwamba muziki huu hupigwa kwa sehemu nne na mstaarabu husubiri hadi mwisho, kisha nikatupia kijembe kuhusu watu wa Dar wanaodhani kila mahali ni mechi ya Simba na Yanga. Mhariri alicheka sana. Habari ikapewa nafasi nzuri kuliko zote nilizoandika mwezi ule.

Jumamosi nilikwenda mazoezini kama kawaida. Mwalimu hakusema kitu hadi tulipofunga kwa sala. Akaniita pembeni.

"Nimesoma gazeti lako, mwanangu. Kiswahili chako kimenyooka. Nina swali moja tu. Huyo Haydn mwenyewe, watu wakimpigia makofi katikati, alikuwa anachukia?"

Jamani, sikuwa na jibu. Digrii ninayo, kalamu ninayo, jibu sina. Nilikuwa nimewahukumu watu kwa sheria ambayo sijui nani aliitunga wala lini. Na sikuwahukumu watu wa mbali. Mama alikuwa amekata kile kipande cha gazeti akakihifadhi kwenye Biblia yake, kama anavyofanya kwa kila ninachoandika. Hakuniambia lolote.

Nikaanza kusoma usiku, baada ya kazi. Nilianza na Mozart kwa sababu barua zake nyingi zipo. Juni 1778 alikuwa Paris, ana miaka 22, na simfoni yake mpya ilipigwa huko. Tarehe 3 Julai alimwandikia baba yake kuhusu onyesho hilo. Kuna kipande katikati ya sehemu ya kwanza alichojua kitawapendeza watu, na kweli kilipofika wakapiga makofi, muziki ukiendelea. Naye kwa kujua watapenda akakirudisha tena karibu na mwisho. Sehemu ya mwisho aliianza kwa violini tupu, taratibu, ukumbi ukanyamazishana wenyewe kwa wenyewe. Okestra nzima ilipolipuka, na makofi yakalipuka. Yaani "shh" ilikuwepo hata siku zile, ila ilikuwa ya watu wanaotaka kusikia kinachokuja! Kijana wa watu akafurahi, akaenda kula aiskrimu, akasali rozari aliyokuwa ameiwekea nadhiri, akarudi nyumbani.

Barua hiyo ina jambo jingine lililonikalisha kimya. Inasema mama yake ni mgonjwa sana. Ukweli ni kwamba mama alikuwa amekwisha kufariki usiku uleule, pale Paris, na kijana hakuweza kumwandikia baba habari hiyo moja kwa moja. Nilifunga kitabu, nikaenda kuangalia kama mama yangu amelala.

Nikaendelea. Mwaka 1783 huko Vienna, Mozart alifanya onyesho mbele ya Kaisari Joseph wa Pili. Simfoni yake ilifungua onyesho kwa sehemu tatu za kwanza, zikafuata nyimbo za waimbaji na vipande vya piano, na sehemu ya mwisho ya simfoni ikaja kufunga usiku. Sasa mimi nilikuwa nawafundisha watu kwamba kazi hizi hazikatwi!

Beethoven je? Desemba 1813 simfoni yake ya saba ilipigwa katika onyesho la kuwachangia askari waliojeruhiwa vitani, na watu wakadai sehemu ya pili irudiwe palepale. Ikarudiwa. Machi 1826 moja ya kwarteti zake za mwisho ilipopigwa mara ya kwanza, sehemu mbili za katikati zilirudiwa kwa kelele za watu. Kilichomuudhi Beethoven ni kwamba hawakudai sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo aliyoithamini.

Na Haydn wa Mwalimu? Machi 1808, akiwa mzee wa miaka 75, alibebwa kwenye kiti kupelekwa kusikiliza "Uumbaji", kazi yake kubwa ya kwaya na okestra, katika Chuo Kikuu cha Vienna. Kwaya ilipofika pale nuru inapoumbwa, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee hakukasirika. Alinyoosha mkono juu, kuonyesha kwamba ilitoka kule.

Kimya kilikuja baadaye, polepole. Mendelssohn mwaka 1842 alitaka sehemu za simfoni yake moja zifuatane bila kusimama. Wagner, mwaka 1882 huko Bayreuth, aliomba jambo dogo kuhusu makofi katika opera yake ya mwisho, wafuasi wake wakalielewa kupita kiasi. Siku moja yeye mwenyewe alipiga kelele ya kuwasifu waimbaji, akazomewa! Mtunzi azomewa ndani ya kazi yake. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kuandika.

Sisemi kimya ni kibaya. Kuna sehemu za polepole za Beethoven ambazo ukikohoa tu umeharibu, na Mwalimu ndiye wa kwanza kutukemea tukinong'ona. Lakini huyu mzee ambaye nilimwita mshabiki wa mpira amemnakili Haydn kwa mkono, kurasa kwa kurasa, kwa solfa, ile do re mi ambayo Mwingereza John Curwen aliieneza karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba kazi kubwa. Haydn mwenyewe alichapisha "Uumbaji" mwaka 1800 ukiwa na maneno ya Kijerumani na ya Kiingereza pamoja. Sisi tunauimba kwa Kiswahili. Sasa nani alikuwa mgeni ukumbini siku ile?

Nilimwomba mhariri nafasi ya kusahihisha. Kasema hicho ni kiporo. Basi nasahihisha hapa: Mwalimu, na mama zangu wa alto, mniwie radhi.

Nilimpelekea Mwalimu majibu Jumamosi iliyopita. Alisikiliza yote, akacheka kidogo kwa habari ya aiskrimu, kisha akaniambia teno tunachelewa kuingia pale mwisho ambapo Haydn anataka mwendo uongezeke. Jumapili tunaimba kile kipande cha mbingu kinachofunga sehemu ya kwanza ya "Uumbaji".

Mama kaniuliza kama safari hii kigelegele kinaruhusiwa. Nimemwambia angalau asubiri soprano wamalize. Kasema hawezi kuahidi.