Mpanda Moja, Mikoa Mitatu

Darasani tuliita fanksheni, kama mwalimu alivyotamka. Kanuni yake ni fupi: kila unachokiingiza kitoe jibu moja tu. Vitu vingi vikishiriki jibu moja, hakuna ubaya. Inyonga, Karema na Mpanda zote zinatoa jibu "Katavi", na kanuni bado imesimama. Inavunjika pale kitu kimoja kinapotoa majibu mawili.

Ubaoni niliikariri. Nyumbani ndiko nilikoielewa. Mama alizaliwa Mpanda mwaka 1970, na cheti chake kinasema Mkoa wa Tabora. Mimi nilizaliwa mji huohuo mwaka 1998. Changu kinasema Rukwa. Mdogo wangu, wa 2014, ni wa Katavi. Hakuna aliyehama. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, Mpanda ilitolewa Tabora ikaingizwa humo. Machi 2012 Katavi ikamegwa kutoka Rukwa. Andika miji upande wa kushoto na mikoa upande wa kulia, kisha chora mishale. Kutoka Mpanda inatoka mitatu. Huo ni uhusiano, lakini si fanksheni.

Lingebaki swali la mtihani kama mama asingehitaji kitambulisho ili apate mkopo na wenzake wa kikundi. Karani alitazama cheti, kisha kompyuta, ambayo kwa Mpanda ilikuwa na jibu moja tu.

"Mama, cheti na fomu haviendani. Umezaliwa Tabora au Katavi?"

"Mwanangu, mimi sijahama. Mikoa ndiyo iliyohama."

Karani akacheka kwa adabu, akamrudishia fomu. Wenzake walipogawana mkopo wa msimu ule, yeye alikuwa bado anafuatilia barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mahindi aliyapanda bila mbolea.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo. Kabla ya kuuliza kama uhusiano ni fanksheni, uliza kwanza umeingiza nini. Ukiingiza mahali peke yake, Mpanda inakataa. Ukiingiza mahali pamoja na mwaka, mambo yananyooka: Mpanda na 1970, Tabora; Mpanda na 1998, Rukwa; Mpanda na 2014, Katavi. Kila jozi na jibu lake.

Karibu kila jozi. Nina binamu wawili waliozaliwa Mpanda mwaka 2012, mmoja Januari, mwingine Desemba. Wa kwanza ni wa Rukwa, wa pili wa Katavi. Mwaka nao hautoshi. Inatakiwa tarehe kamili, na hapo ndipo fanksheni inapopatikana.

Baadaye niliitazama tena fomu ya mama. Nafasi ya tarehe ya kuzaliwa ilikuwapo, mistari miwili tu juu ya nafasi ya mkoa, na mama alikuwa ameijaza vizuri kwa mkono wake. Hakuna aliyeziunganisha.